Mtu mzima ni pishi moja na ushee

Jumanne simu iliita mikono yangu yote miwili ikiwa ndani ya udongo, nikaipokea kwa kiwiko. Mama mmoja, sauti ya upole, kaka yake amefariki, na mwili umechomwa tanurini wiki iliyopita. Baada ya pole na shukrani akasema: "Mwanangu, nifinyangie kachombo kadogo tu, kadiri ya kikombe cha chai. Si ni majivu tu?"

Si ni majivu tu. Nimeshaambiwa hivyo na wachungaji, na mawakili, na kijana mmoja aliyeniletea kopo la maziwa ya unga ili nilipake rangi ndani ya saa moja, gari la kwenda Nakuru likimsubiri nje. Huwa najibu kwa adabu. Safari hii nilijibu kwa adabu pia, kisha nikanawa mikono nikakaa kuandika haya.

Kosa liko kwenye neno. Kiswahili kimetupa neno moja, majivu, kwa vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Majivu ya jikoni ukiyapuliza yanakuingia machoni, na debe zima la makaa linakuachia viganja viwili. Mtu anawaza hivyo hivyo: mwili umeungua, kilichobaki ni vumbi, vumbi linaingia popote. Kumbe unachokabidhiwa ni mfupa. Maji, nyama, mafuta, nywele, na jeneza lenyewe karibu lote, vimetoka kwa njia ya bomba la moshi. Baada ya saa moja na nusu au mbili kwenye nyuzi 800 hadi 1,000 za selsiasi, tanurini hubaki vipande vya mifupa, vyeupe na vikavu, vinavyovunjika kama biskuti. Vikishapoa, sumaku hupitishwa kuondoa misumari ya jeneza, skrubu za madaktari huokotwa, kisha vipande husagwa kwa mashine. Ukifungua ule mfuko unakuta kitu kama mchanga mnene, au kombe za pwani zilizopondwa. Upepo hauubebi kirahisi. Ni mzito, na ukiuinua mara ya kwanza mkono unashtuka.

Kwa mwanamume mara nyingi ni kilo 3 hivi, kwa mwanamke 2 hadi 2.5. Kwa ujazo, lita 2.5 hadi 3.5. Wazee wetu walikuwa na kipimo kilichokaa hapo hapo bila kukusudia: pishi, yaani vibaba vinne. Mtu mzima ni pishi moja na ushee. Kikombe cha chai, Mama, ni kisigino kimoja.

Tangu Profesa Wangari Maathai achomwe Kariokor, Nairobi, Oktoba 2011, katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, na baadaye mwanasiasa Kenneth Matiba mwaka 2018 na Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, mwaka 2019, Wakenya wengi wameanza kulizoea wazo la tanuri. La chombo bado. Watu huliwaza siku ile wanapoletewa mfuko wa plastiki ndani ya boksi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko kikombe. Wafinyanzi wenzangu wana kanuni: chukua uzito wa marehemu, kwa kila kilo weka mililita 36, basi, umepata ujazo wa mtungi. Mtu wa kilo 80 anapata lita 2.9. Kanuni ni nyepesi, inakaririka, na mara nyingi inatoa jibu zuri kwa sababu isiyo yake. Mafuta hayaachi majivu. Tumbo haliachi majivu. Wanaume wawili wa kimo kimoja, mmoja kilo 65 na mwingine kilo 110, watakuachia kiasi kinachokaribiana sana, maana kilichobaki ni mifupa na mifupa yao ni ya saizi moja. Uliza urefu kwanza. Uzito uulize ukitaka, lakini usiniambie ule wa hospitali.

Nasema hivyo kwa sababu ya rafiki yangu. Nitamwita Mwalimu, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Alifundisha fizikia, mita 1 na sentimita 86, akiingia karakana yangu anainama mlangoni kabla hajaufikia, kwa mazoea ya miaka. Ugonjwa ulimshika mwaka mzima na ushee. Mara ya mwisho alipopimwa alikuwa kilo 47. Kwa ile kanuni ningemfinyangia mtungi wa lita 1.7, tukafika kwa dada yake, tukamimina nusu ya kaka yake na nusu nyingine ikabaki mkononi mwetu tunatazamana. Ugonjwa ulikuwa umemla nyama. Mifupa ilikuwa ile ile iliyokuwa ikigonga mlango wangu. Nikachukua kilo 84 za siku zake njema, zikanipa lita 3, nikaongeza kidogo, nikaamua lita 3.3.

Nikiri kwamba urefu nao hausemi yote. Anayelala kitandani miezi mingi hupungukiwa na madini ya mifupa, na vikongwe vilevile, hasa wanawake. Sijawahi kuona fundi mwenye hesabu ya hilo inayoaminika, mimi nikiwa mmojawapo. Huwa naongeza tu asilimia 10 na kutegemea kifuniko kiwe na subira. Mtungi wenye nafasi ya vidole viwili juu hauna aibu. Uliopungua kijiko kimoja una aibu.

Halafu kuna udongo wenyewe, ambao hunywea. Hapa ndipo wanafunzi wangu hukosea hata baada ya kuambiwa mara tatu. Udongo wangu hunywea asilimia 12 tangu ukiwa mbichi kwenye gurudumu hadi unapotoka moto wa pili, ule wa glezi, mpako unaoyeyuka ukawa kioo. Mwanafunzi anasikia 12, anaongeza asilimia 12 ya ujazo, anaridhika. Lakini hizo 12 ni za kila upande: urefu, upana na kina. Piga 0.88 mara 0.88 mara 0.88, unabaki na 0.68. Karibu theluthi ya ujazo imepotea tanurini. Ili Mwalimu apate lita 3.3 nilimvutia chombo kibichi cha lita 4.85: kipenyo cha ndani sentimita 17, kimo 21.6, vikashuka vikawa 15 na 19. Mwenyewe angelifurahia hesabu hilo kuliko mtungi. Kikishakauka na kuchomwa mara ya kwanza, kipime kwa mchele, usikipime kwa macho, na kumbuka bado kitanywea kidogo kwenye moto wa pili.

Kifuniko na mdomo nitavipita haraka. Mdomo upitishe kiganja, sentimita 8 hadi 9, kwa sababu siku moja mtu atataka kutoa sehemu ya majivu akamwage ziwani au kaburini kwa mama. Majivu yakitoka kwenye kuni, kama Wahindu wanavyofanya, ongeza upana, maana mifupa huokotwa kwa mkono bila kusagwa na kuna vipande kama kidole. Kifuniko kichomwe kikiwa juu ya mtungi wake, pale vinapogusana pasiwe na tone la glezi. Kuziba, nta ya nyuki inatosha. Silikoni pia inafunga, ila anayekuja kufungua baadaye atakulaani.

Tuje kwenye pambo. Watu wakisema "chombo cha kipekee" wanamaanisha picha ya kitambulisho imebandikwa tumboni, jina, tarehe mbili, na njiwa. Sina ugomvi na njiwa. Lakini Mwalimu na njiwa wapi na wapi? Miaka yote mfukoni mwake alikuwa na chaki. Hata harusini alipeana mikono akaacha alama nyeupe kwenye koti la bwana harusi. Nikaona nimepata. Mtungi ulipofika hali ya ngozi, umekauka kiasi lakini bado unakubali alama, nikachukua vipande vya chaki kutoka boksi lake la mwisho nikavikandamiza kuzunguka bega, safu tatu za vijishimo, vikizidi kuachana kadiri vinavyoshuka, kama jiwe linaloanguka katika ile michoro yake ya ubaoni. Vilipendeza. Nilijisifu peke yangu karakanani.

Mfinyanzi anayesoma hapa ameshashika kichwa. Chaki ni chokaa au ni plasta, na kwa udongo zote mbili ni sumu ya aina moja. Punje ya chokaa ikibaki ndani ya udongo, moto wa kwanza huigeuza chokaa hai. Inatoka tanurini kimya, nzuri, haina kosa. Kisha inaanza kunywa unyevu wa hewa, inavimba, na kwa kuwa imezingirwa na ukuta mgumu, inarusha kipande cha ukuta huo. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Siku ya tisa nilisikia tik kwenye rafu. Asubuhi bega lilikuwa na makovu manne kadiri ya ukucha, na katikati ya kila kovu kidoa cheupe kinanitazama. Nimefundisha somo hilo kwa watu zaidi ya mia, na nikalisahau mara moja tu, kwa chombo hicho.

Kwa hiyo alipata mtungi wa pili. Safari hii nilichonga kijiti cha mti kwa unene ule ule wa chaki. Alama ni zile zile, hakuna anayeweza kuzitofautisha, nami huwa najiuliza kama basi ni za chaki yake au za kijiti changu. Dada yake nilimweleza yote. Akacheka hadi akalia: "Hata akiwa amekufa bado anakusahihishia kazi."

Mitungi miwili ilitugharimu wiki saba. Hilo nalo watu hawalitaki. Chombo cha ukuta wa milimita 7 kinataka wiki mbili au tatu za kukauka, zaidi wakati wa mvua. Ukikiharakisha, maji yaliyojificha hugeuka mvuke na mtungi hupasuka tanurini na kuharibu vya majirani. Nikishasema wiki nne napewa jicho kama kwamba marehemu ataharibika. Hawezi kuharibika, ameshapita huko. Mwalimu alisubiri juu ya friji ya dada yake, karibu na redio.

Na glezi. Karibu kila mtu huuliza: "Huwezi kuchanganya majivu yake kidogo, rangi itokee?" Wamesikia kwamba wafinyanzi hutumia majivu, na ni kweli, ila ya kuni. Hayo yana chokaa na magadi, na kwenye nyuzi 1,230 za tanuri langu (moto mkali kuliko uliomchoma marehemu, jambo ambalo huwa silitaji mezani) huyeyuka pamoja na udongo yakawa kioo cha kijani au cha asali. Mfupa ni fosfati ya kalsiamu. Peke yake hauyeyuki hata ufike 1,600. Waingereza huko nyuma walitambua hilo wakautumia: vile vikombe vyeupe vyembamba vya sebuleni, vinavyopitisha mwanga ukiviinua, karibu nusu yake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe. Kwenye glezi, kijiko kimoja huleta utusitusi kama maziwa. Vitano huleta vijitundu.

Dada yake Mwalimu aliomba kijiko kimoja. Nikamwambia huenda hataona kitu. Akasema hataki kuona, anataka kiwepo. Mtungi ulitoka na weupe mwepesi upande mmoja, chini ya bega, kama pumzi kwenye kioo cha dirisha. Anaamini ni yeye. Mimi nimewahi kuona weupe kama huo pale tanuri linapopoa polepole upande mmoja, tena kwenye mabakuli ya supu. Sikumwambia, na sina uhakika kwamba ningekuwa nasema kweli.

Mengine kwa kifupi, kwa sababu chai inapoa. Mtungi uliochomwa hauyeyuki baharini, hata usipopakwa kitu. Wanaakiolojia wanaishi kwa vigae. Ukitaka unaoyeyuka, uache mbichi, nao utarudi kuwa tope upesi ukiguswa na maji, kwa hiyo msiufikishe ufukweni chini ya mvua. Na msipande mche moja kwa moja ndani ya majivu. Yana chumvi na ukali wa magadi, mche utakauka na familia itasema ni laana. Changanya na udongo mwingi sana.

Siku ya kummimina tulikuwa watatu na mwiko wa mbao. Mzani wa jikoni ulisema kilo 2.9. Yalifika vidole viwili chini ya mdomo. Dada akatikisa mtungi kidogo, kama mtu anayejaza debe la mahindi sokoni, yakashuka hadi vitatu.

Jana nilimpigia yule mama. Nikamuuliza kaka yake alikuwa mrefu kiasi gani. Akanyamaza, kisha akasema hajui kwa sentimita, lakini suruali zake za kanisani bado zimetundikwa chumbani, ataipima moja jioni anitumie.