Kitabu cha mtoto hakisubiri chumba cha kompyuta

Walimu wengi huamini kwamba wanafunzi wao hawawezi kutunga vitabu vya kidijitali kwa sababu shule haina chumba cha kompyuta wala intaneti. Si kweli, na inaniuma, maana wanaokosa ni watoto.

Chukua Bloom, programu ya kutengenezea vitabu iliyotengenezwa na SIL, shirika linaloshughulikia lugha. Ni ya bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila mtandao. Laptopu moja ya mwalimu inatosha darasa zima, kwani sehemu kubwa ya kazi haihitaji hata umeme: mtoto anasimulia, anaandika rasimu kwa penseli, anamsomea mwenzake, anafuta, anaandika upya. Picha anachora mwenyewe. Mbuzi wake akiwa na miguu mitano, msimrekebishie. Upelekeni mchoro dirishani kwenye mwanga, mwupige picha kwa simu. Kisha asome hadithi yake kwa sauti, mrekodi ukurasa kwa ukurasa, ili hata bibi yake asiyejua kusoma aisikie.

Mwishoni programu hutoa faili ya EPUB ya kusomea kwenye simu, au kijitabu cha kuchapa. Karatasi moja ya A4 ikichapwa pande mbili na kukunjwa hubeba kurasa 4. Kitabu cha kurasa 16 ni karatasi 4 na pini mbili za stepla.

Programu ikishawekwa, intaneti mtaihitaji tu siku ya kukipakia kitabu mtandaoni, mkitaka kisomwe mbali. Hapo ombeni kwanza ridhaa ya mzazi, na jaladani liwekwe jina la kwanza pekee.