Kabla hujang'oa mbao ukaweka taili

Wengi wanaonipigia simu kuhusu sakafu ya mbao huwa wameshaamua kuing'oa. Wamenunua nyumba ya zamani hapa Uganda, Entebbe, Kololo au Jinja, wakakuta sebuleni mbao nyeusi zenye madoa na mikwaruzo ya miguu ya viti. Fundi wa taili keshawapa bei, na sasa wanatafuta mtu mwingine wa kuwaambia kwamba ni sawa. Kwangu hawalipati jibu hilo kirahisi. Kazi yangu ni kupiga msasa na vanishi sakafu za mbao, na taili inayostahili kuchukua nafasi ya mvule bado sijaiona.

Maana chini ya weusi ule, mara nyingi ni mvule. Nyumba zilizojengwa wakati Entebbe ilikuwa makao ya serikali ya kikoloni, kabla ya uhuru wa 1962, na nyingi za Jinja iliyopanuka baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa 1954, ziliwekwa mvule na mahogani kwa sababu magogo yalikuwepo. Leo nenda Ndeeba, kwenye soko la mbao la Kampala, uulizie. Utaonyeshwa kalitunsi (mkaratusi) na paini mpaka uchoke. Mvule ukipatikana ni vipande, kwa bei ya kukukalisha chini kwanza, na muuzaji mwenye karatasi halali ni wa kutafuta. Mahogani ya Afrika, ile jamii ya Khaya, nayo iliingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, katika mkutano wa Panama wa 2022. Kwa hiyo mbao ulizokanyaga ni akiba isiyojazwa tena, na kila nikipiga msasa nachota humo humo. Ndiyo maana swali langu la kwanza si ukubwa wa chumba. Nauliza umebakiwa na unene kiasi gani.

Unene hauonekani ukisimama juu ya sakafu. Natafuta mahali ambapo mbao zinaonyesha ubavu: chini ya kizingiti cha mlango, kwenye tundu la bomba, ndani ya kabati la ukutani. Pakei ni sakafu ya vibao vifupi vilivyopangwa kwa mchoro. Vibao vya pakei vya zamani, vile vikubwa vilivyolazwa kimoja kimoja, kwa kawaida vilianza na milimita kama 20. Ile pakei ya vidole, vijiti vyembamba vilivyopangwa kwa miraba inayopishana, ilianza na milimita 8 tu. Mbao ndefu zinazoshikana ulimi kwa mfuo, ulimi wa ubao mmoja ukiingia kwenye mfuo wa mwenzake, zinadanganya zaidi, kwa sababu hata kama ubao una milimita 20, kinachotumika ni ile sehemu ya juu ya ulimi, milimita 6 hivi. Ukiishafika kwenye ulimi, ukingo unapasuka na misumari inachungulia. Msasa kamili kwenye sakafu iliyo sawa unakula karibu milimita moja, na kwenye sakafu iliyopinda unakula zaidi. Piga hesabu mwenyewe.

Ndiyo maana nikiona njia ya kukwepa mashine kubwa, naikwepa. Dondosha tone la maji mahali panapopitwa sana, karibu na mlango wa jikoni. Likikaa juu bila kuzama, vanishi bado ipo, hata kama imefifia. Hapo inatosha kukwaruza uso kwa mashine ya duara na msasa laini, namba 120 au 150, kufuta vumbi na kupiga mkono mmoja mpya. Mbao zenyewe hazijaguswa. Tone likizama na kuacha doa jeusi ndani ya dakika chache, basi mbao ziko uchi na tuzungumze msasa kamili. Ila kama sakafu imepakwa nta miaka yote, njia fupi haipo: vanishi haishiki juu ya nta. Sugua pembeni kwa kitambaa chenye tapentaini. Kikitoka na utando wa njano unaonata, hiyo ni nta, na itolewe yote kabla ya msasa, la sivyo joto la mashine litaiyeyusha na karatasi itaziba hapo hapo. Na ile dawa ya kupulizia meza ing'ae, yenye silikoni, msichana wa kazi asiipulize karibu na sakafu inayosubiri vanishi. Vanishi hukimbia palipoguswa na silikoni, ikabaki vishimo vishimo.

Sasa niseme juu ya maji, kwa sababu hapa ndipo ukarabati wenyewe unapoiua sakafu. Nyumba za zamani za mbao ndefu ziliinuliwa juu ya nguzo fupi, na kwenye msingi wakaacha matundu ya hewa yenye wavu au vyuma. Anakuja mwenye nyumba mpya, anataka kiwanja kizuri, anamwita fundi wa pevazi, yale matofali ya kutandaza uwanjani. Fundi anajaza udongo, anapandisha uwanja, pevazi zinafika juu ya matundu. Au kunaongezwa veranda ya zege inayoyaziba kabisa. Mvua za Machi mpaka Mei zikija, unyevu unabaki chini ya nyumba bila pa kutokea, mbao zinaunywa kwa upande wa chini, kingo za kila ubao zinainuka na katikati panazama. Ukitembea peku unazihesabu kwa unyayo.

Mwenye nyumba anataka zipigwe msasa ziwe sawa. Ninakataa. Ukizisawazisha zikiwa na maji, umekata kingo peke yake; zikija kukauka, kingo zinashuka na katikati panabaki nundu, nawe umepoteza milimita mbili bure. Kwanza fungua matundu, chunguza bomba linalovuja, tazama kama mchwa hawajajenga njia zao kwenye nguzo, halafu subiri. Nina kipimo cha unyevu chenye sindano mbili. Hapa Kampala na kandokando ya ziwa, mbao zilizotulia ndani ya nyumba hucheza kwenye asilimia 12 mpaka 14. Zikisoma 18, mashine haishuki garini.

Pakei iliyolala juu ya zege ina mambo yake. Nyingi ya enzi zile ilibandikwa kwa lami. Ninapita chumba kizima nikigonga kwa mpini wa nyundo: kibao kilichoshika kinajibu kwa mlio mzito, kilichobanduka kinalia kitupu. Vilivyobanduka navitoa, naviandika namba nyuma kwa chokaa ya ubao, nakwangua lami kwa mkono na kuvirudisha kwa gundi inayokubaliana na mabaki ya lami. Ile gundi nyeupe ya maji ya seremala haikubaliani nayo. Lami yenyewe usiiguse kwa mashine ya msasa. Itayeyuka na kunata, na juu ya hilo, baadhi ya gundi nyeusi za zamani zilichanganywa na asbesto, kitu ambacho hutaki kigeuke vumbi la kuvuta. Vibao vilivyooza natafutia mbadala chini ya kabati la ukutani, mahali hapaonekani, kwa sababu mvule wa nyumba ile ile una rangi ya nyumba ile ile.

Siku ya mashine, umeme ndio unaoniumiza kichwa. Mashine ya rola, ile kubwa ya msasa kamili, inataka zaidi ya wati 2,000, na jioni volti zikishuka rola inazunguka kivivu, inakula mawimbi kwenye mbao, na mota inaanza kunuka. Natumia waya wa milimita 2.5 za mraba, nikiukunjua wote, kwani ukiuacha umeviringwa unapata joto. Stebilaiza au jenereta ni sehemu ya gharama. Mteja asione nambembeleza aongeze pesa.

Rola ikiwa inazunguka, isikae mahali pamoja hata kufumba na kufumbua. Natembea kwanza, kisha naishusha nikiwa tayari naenda, na naiinua kabla sijasimama. Anayesimama kwanza anaacha shimo la mviringo ambalo taa ya jioni itamwonyesha mwenye nyumba maisha yake yote. Kwenye mbao ndefu naenda na nyuzi za mbao. Kwenye pakei iliyopangwa kwa mshazari nyuzi zinaelekea kila upande, hivyo nakata mwelekeo wa kati na kazi ya mwisho naiachia mashine ya duara. Msasa unaanza namba 40 sakafu ikiwa mbaya, 60 ikiwa ya wastani, halafu 80, halafu 100 au 120. Ukiruka kutoka 40 mpaka 100 kwa haraka, utang'arisha uso na kuacha mifereji ya 40 ndani yake. Kwa macho ya mchana hutaiona. Vanishi ikishapita inajitokeza yote.

Nina njia mbili za kujihakikishia. Kabla ya kila namba nachorachora sakafu nzima kwa penseli. Michoro ikifutika yote, nimegusa kila mahali. Na usiku nazima taa, nalaza tochi sakafuni, mwanga ukimulika kwa ubavu. Kila mkwaruzo unatupa kivuli chake. Pembeni kwa ukuta, ambako rola haifiki, ndiko kwenye uchafu mwingi: mashine ndogo ya kingo inaacha alama za miviringo, na pembe kabisa zinataka kisu cha kukwangulia na magoti yako. Mafundi wengi huishiwa na subira hapo.

Vumbi la mvule si la kuchezea. Linawasha ngozi, linafunga kifua, na kuna watu mwili wao unalikataa kabisa. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Vaa ile yenye kichujio. Mfuko wa vumbi lenye vanishi ya zamani naumwaga nje kila jioni, mbali na ukuta, kwa sababu unaweza kupata joto wenyewe ndani ndani na kuwaka usiku watu wamelala. Vitambaa vya mafuta ya kitani ni vile vile: vianikwe vimetandazwa nje au vitumbukizwe majini, visifinyangwe vikatupwa pembeni.

Msasa ukiisha, mwenye nyumba hushtuka. Hajjati mmoja wa Old Kampala alisimama mlangoni akashika kiuno. "Fundi, hii si sakafu yangu." Aliiacha nyeusi, ameikuta njano. "Ndiyo yenyewe, Hajjati. Iache na mwanga, itarudi kahawia." Mvule uliokatwa upya ni wa njano na hukolea kadiri unavyoona mwanga. Kwa hiyo usikimbilie kuupaka rangi siku hiyo hiyo, na usitandike zulia mapema, litakuachia mraba mweupe katikati ya sebule. Ukiona michirizi myeupe migumu ndani ya mbao, hiyo ni chokaa iliyojikusanya mti ulipokuwa hai. Iache.

Kuhusu vanishi, watu wanabishana sana na mimi ni wa upande mmoja. Poliyurethani ya mafuta ni ya bei nafuu, inatoa rangi ya asali, lakini mvule una kemikali zake zinazoyachelewesha mafuta kukauka. Utakuta siku ya tatu bado inashika soksi. Ukiitaka, tanguliza mkono wa shelaki isiyo na nta, ile vanishi ya utomvu inayoyeyushwa kwa spiriti. Mimi napendelea vanishi ya maji, ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) kwa nyumba yenye watoto na mbwa. Haina harufu kali, inakauka kwa saa chache, mikono mitatu inaisha ndani ya siku mbili. Hadina yake ni sumu kwa mapafu, glavu na kichujio ni lazima. Mafuta ya nta ni mazuri pia, yanatengenezeka sehemu kwa sehemu bila kurudia chumba kizima, ila yanataka mtu wa kuyahudumia, na nyumba nyingi hazina mtu huyo.

Kupaka ni asubuhi. Sababu moja ni unyevu wa jioni. Nyingine ni wadudu. Msimu wa mvua kumbikumbi wanafuata taa, na Entebbe kuna wale wadudu wa ziwani wanaopanda kutoka majini kwa makundi meusi. Wakikuta vanishi mbichi na taa inayowaka, asubuhi utakuta mabawa yamegandamana chumba kizima, na hakuna tiba ila msasa upya. Madirisha yasiyo na wavu nayafunga kabla jua halijazama, na taa zote za upande ule zinazimwa, askari wa geti akiwemo na balbu yake.

Kwenye mpango wa ukarabati, basi, sakafu ni ya mwisho. Plasta, jipsamu, mabomba, madirisha na rangi ya dari vitangulie. Mtu wa rangi abakize mkono wa mwisho wa ukuta wa chini na skating (ule ubao wa chini ya ukuta), arudi baada yangu akiwa peku, na turubai lake lisiwe lile alilotumia kwenye zege. Viti virudi baada ya siku tatu hivi, vikiwa vimebandikwa vitambaa miguuni, vibebwe visiburutwe. Zulia lisubiri wiki mbili. Na deki iwe ya kitambaa kilichokamuliwa mpaka hakidondoshi, kwa sababu ndoo ya maji ikimwagwa kama tunavyomwaga kwenye sementi, yanapita kwenye viungo na kurudi kule kule chini tulikokausha.