Waranti ya nyongeza ya gari kwa barabara za Nyanda za Juu Kusini: soma kwanza kifungu cha injini kuchemka

Gari likipanda mlima wa Kitonga na abiria watano na mizigo, mfumo wa kupoza injini ndio hubeba adhabu ya kwanza. Inafuata gia, kisha tabo (turbo, inayosukuma hewa zaidi kwenye injini) kama lipo. Wakati wa kushuka ni zamu ya breki. Mkataba wa waranti ya nyongeza upimwe kwa orodha hiyo, maana ukilinda sauti ya redio na vioo vya umeme huku ukikwepa joto la injini, kwa dereva wa Iringa, Njombe au Mbeya hauna kazi kubwa.

Kabla ya aina zenyewe, tutenganishe vitu vitatu vinavyochanganywa mezani kwa muuzaji. Bima kubwa hulipa ajali, moto na wizi. Haigusi giaboksi iliyokufa yenyewe njiani. Waranti ya kiwanda huja na gari jipya, mara nyingi miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Waranti ya nyongeza ni mkataba wa kulipia, unaoahidi kutengeneza kipuri kilichofeli ghafla. Gari la mtumba kutoka Japani kwa kawaida halifiki hapa na waranti ya kiwanda, kwa hiyo wengi wetu tunachouziwa ni hiyo ya nyongeza tu.

Nayo ina sura tatu. Ya chini kabisa ni ya injini na gia: vyuma vya ndani vinavyolainishwa na oili, giaboksi, difu, pengine na shafti. Ya kati hutaja vipuri kimoja kimoja, kwa mfano alternata, stata, pampu ya maji, kompresa ya AC, raki ya stelingi. Kisichoandikwa humo hakilipwi, hata kama kimepakana na kilichoandikwa. Ya juu hugeuza mpangilio: hulinda gari zima, kisha hutaja visivyolindwa. Hii ya juu ndiyo bora kwa mnunuzi, kwa sababu mzigo wa kuonyesha kwamba kipuri hakimo unabaki kwa kampuni. Lakini kuna karatasi zinazoitwa waranti kamili ambazo ndani yake ni orodha ya kati iliyorefushwa. Tafuta sentensi inayosema vipuri vyote vinalindwa isipokuwa vilivyotajwa. Usipoiona, hiyo si ya juu, jina lolote iliyopewa.

Katika sura zote tatu, vipuri vya kuchakaa havimo: brekipedi, diski, klachi pleti, shokapu, bushi, mikanda, matairi, betri, plagi. Diski iliyopinda kwa kushuka mlima bila kutumia gia ndogo ni ya mfukoni mwako.

Kifungu cha joto

Hapa nitakaa, kwa kuwa ndipo madai mengi ya ukanda huu huamuliwa.

Mbeya mjini iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji yasiyo na mgandamizo huchemka hapo kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Thamostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) za injini nyingi za Toyota huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 88. Nafasi kati ya joto la kazi na kuchemka ni nyembamba, na kinachoipanua ni mfuniko wa rejeta. Ule ulioandikwa 1.1 hushikilia mgandamizo wa takriban bar 1.1, na maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Mpira wa mfuniko ukichoka, ulinzi huo unaondoka. Wakati huohuo, injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 15 hadi 18 ya nguvu kwenye mwinuko huu, kwa hiyo dereva hukandamiza mafuta zaidi na joto linazidi. Maji yakipungua chini ya sensa, mshale wa geji unaweza hata kushuka, dereva akadhani mambo yametulia. Silinda hedi (sehemu ya juu ya injini) inapinda, gasketi inayoiziba inaungua.

Sasa fuata njia ya mkataba. Kilichofeli kwanza ni mfuniko au hosi, vipuri vya kuchakaa, visivyolindwa. Hedi iliyopinda inahesabiwa kuwa uharibifu uliotokana na kipuri kisicholindwa, nayo inatoka nje. Umenunua waranti ya injini, na injini ndiyo isiyolipwa.

Kifungu hiki huandikwa kwa namna tatu. Kuna kinachokataa madhara yote ya injini kuchemka. Mkataba huo uache, hata kwa bei ya chini. Kuna kinacholipa iwapo kuchemka kumesababishwa na kipuri kinacholindwa. Huo unafaa, mradi orodha iwe na pampu ya maji, rejeta, feni, thamostati na gasketi ya hedi, kila kimoja kwa jina. Na kuna kinacholipa ikiwa tu dereva alizima injini mara taa au geji ilipoonya. Huo wa tatu si mbaya, lakini ushahidi utautoa wewe: picha ya dashibodi, saa, na mahali ulipoegesha.

Jambo jingine la kwetu ni thamostati kung'olewa. Fundi huitoa ili gari "lipoe", au huunganisha waya wa feni moja kwa moja izunguke muda wote. Mkaguzi wa kampuni akikuta hivyo ataandika kwamba mfumo umebadilishwa, na kubadilisha mfumo hufuta haki ya madai ya injini. Kabla ya kusaini, rudisha thamostati ya nyuzi sahihi, funga mfuniko mpya wenye namba iliyoandikwa na kiwanda, na jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Maji matupu hutia kutu ndani ya pampu, na kwa mtu wa Makete yanaweza kuganda usiku wa Juni na Julai. Mikataba mingi inadai kulanti kwa maandishi.

Gia, tabo na nozeli

Ukinunua IST ya kizazi cha kwanza, gia yake ni otomatiki ya kawaida ya hatua nne. Ya kizazi cha pili, kuanzia 2007, kwenye injini ya 1.5 mara nyingi hutumia CVT, yaani gia otomatiki ya mkanda wa chuma isiyo na hatua. Tofauti hiyo ni kubwa. CVT inataka oili yake maalumu. Ikiwekwa ATF (oili ya gia otomatiki) ya kawaida, mkanda wa chuma huanza kuteleza, na oili isiyo sahihi ni sababu halali ya kukataa madai. Kama gari lina CVT, mkataba uitaje kwa jina. Neno "giaboksi" peke yake hubishaniwa.

Tabo hufa kwa oili chafu na kwa kuzima injini ikiwa moto mara baada ya kupanda. Nozeli za dizeli (zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini), hasa kwenye injini ya 1KD ya Prado na Hilux, huharibiwa na mafuta machafu, na uchafu wa mafuta karibu kila mkataba unaukataa. Nunua mafuta kituo kilekile na tunza risiti zake.

Hesabu

Chukua mfano wa tarakimu tu. Ada ni shilingi 900,000 kwa mwaka, mchango wako (sehemu unayolipa mwenyewe) kwa kila dai ni 200,000, na ukomo wa malipo ni 1,500,000 kwa dai. Giaboksi inatengenezwa kwa 2,800,000. Mchango ukikatwa kwenye bili, zinabaki 2,600,000, kampuni inalipa ukomo wake 1,500,000, nawe unalipa 1,300,000. Mchango ukikatwa kwenye ukomo, kampuni inalipa 1,300,000, nawe 1,500,000. Ongeza ada: jumla yako ni 2,200,000 au 2,400,000. Umeokoa kati ya 400,000 na 600,000, tena kwa mwaka ambao giaboksi imekufa kweli. Bila kuharibika, 900,000 imekwenda.

Kwa hiyo ukomo una uzito kuliko jina la waranti. Uliza bei ya giaboksi ya gari lako Mbeya, si Dar es Salaam, kisha linganisha. Ukomo ukiwa chini ya nusu ya bei hiyo, mimi nashauri kuweka 75,000 kila mwezi kwenye akaunti ya matengenezo.

Angalia pia kama kampuni hupunguza malipo kadiri kilomita zinavyopanda. Mikataba mingine hulipa nusu tu ya bei ya kipuri gari likivuka kilomita fulani. Uliza nani analipa kazi ya kufungua injini ili kutafuta tatizo. Mara nyingi ni wewe, mpaka ithibitishwe kwamba kilichofeli kinalindwa. Na uliza gereji iko wapi. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni kilomita zaidi ya 800. Mkataba unaotambua gereji za Dar pekee, halafu unalipia kuvuta gari kilomita 50, unakuacha Makambako na mzigo wote.

Matumizi ya biashara yana kifungu chake. Noah inayobeba viazi kutoka Isyonje, au gari dogo linalochukua abiria wa Tukuyu, halimo kwenye mkataba wa matumizi binafsi, hata kama ni siku za soko tu. Sema ukweli wakati wa kujaza fomu na lipa ada ya biashara, au usinunue kabisa.

Msimamo wangu kwa magari yetu ya kawaida ni huu. IST ya kwanza, Raum au Spacio yenye injini ya 1NZ-FE: acha waranti, weka akiba, badili oili kila kilomita 5,000. X-Trail ya CVT, Forester ya tabo, Harrier ya haibridi: waranti ina maana, ya juu au ya kati iliyotaja CVT, tabo au betri ya haibridi kwa jina. Prado yenye injini ya 1KZ ina hedi inayojulikana kupasuka kwa joto na sasa ni ya umri mkubwa; ukiuziwa waranti yake kwa urahisi, soma kifungu cha joto mara mbili.

Kabla na baada ya kusaini

Linganisha kilomita za dashibodi na zile za hati ya kusafirisha gari kutoka Japani. Zikitofautiana, mkataba utafutwa siku ya dai. Pima gari kwa mashine ya kusoma hitilafu, piga picha, na matokeo yaambatanishwe kwenye mkataba, ili tatizo la baadaye lisiitwe la zamani. Kama mtoaji anadai ni kampuni ya bima, hakikisha imesajiliwa na TIRA (mamlaka ya usimamizi wa bima). Kama ni showroom, uliza kwa maandishi nani hulipa showroom ikifungwa.

Kila huduma itakiwe risiti ya EFD yenye tarehe, kilomita na aina ya oili. Fundi wa mtaani anaweza kuwa hodari kuliko wa kampuni, lakini dai haliwezi kusimama juu ya neno lake bila karatasi.

Gari likiharibika, zima, egesha, piga picha ya geji, kilomita na usawa wa maji. Piga simu kwa kampuni upewe namba ya kibali kabla mtu hajafungua boliti hata moja. Kipuri kilichovunjika kisitupwe mpaka mkaguzi akione. Wakikataa, dai barua inayotaja kifungu walichotumia. Barua hiyo ndiyo utakayopeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kama ni kampuni ya bima, au FCC (Tume ya Ushindani) kama ni muuzaji wa gari.