Je, wajua kifaa cha mkononi kinawezaje kukumbuka kila pigo la mechi ya tenisi?

Juni 2010, kwenye uwanja namba 18 wa Wimbledon, John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa walicheza mechi ndefu kuliko zote katika historia ya tenisi ya kulipwa. Ilichukua saa 11 na dakika 5, ikagawanyika siku 3, na seti ya tano ikaishia kwa gemu 70–68. Zilichezwa pointi 980. Mahut alipata 502, Isner 478. Aliyeshinda ni Isner.

Ubao wa matokeo hauwezi kukuonyesha jambo hilo. Gemu ikiisha, pointi zake zinafutwa na kubaki gemu na seti tu, na kwake gemu iliyochukuliwa kwa mkupuo ni sawa na ile iliyorudi diusi (sare ya 40–40) mara kumi. Ili ujue mechi ilikwendaje, lazima mtu awe ameandika pointi moja moja. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kidole. Mwamuzi wa kiti kwenye mashindano makubwa ana kishikwambi mbele yake, na kocha au mzazi aliyekaa pembeni mwa uwanja anaweza kuwa na programu ya namna hiyo kwenye simu. Sasa anaandikaje yote hayo bila kupitwa na mpira?

Siri ni kwamba haandiki matokeo. Anabonyeza nani kachukua pointi, basi. Yanayobaki kifaa kinayapata kwenye kanuni: pointi huhesabiwa 15, 30, 40, kisha gemu; gemu 6 kwa tofauti ya 2 ni seti; ikifika 6–6, taibreki, yaani gemu maalumu ya kuamua seti (seti ya tano ya Wimbledon 2010 haikuwa nayo). Ukishakiambia nani alianza kusevu, yaani kupiga mpira wa kuanzisha pointi, kinajua zamu ni ya nani na lini wachezaji wabadilishane upande. Kinajua hata sevu inatokea wapi, maana pointi zilizokwishachezwa kwenye gemu zikiwa shufwa, anayesevu husimama kulia. Zikiwa witiri, husimama kushoto.

Kwa hiyo kinachotunzwa ndani ni orodha tu: huyu, huyu, yule, huyu. Ukikosea unafuta jibu la mwisho, na hesabu inapangwa upya yenyewe. Orodha hiyo ni ndogo ajabu. Kila pointi ina majibu mawili tu, kwa hiyo inahitaji biti 1, yaani 0 au 1. Pointi zote za Isner na Mahut ni biti 980, na SMS moja hubeba biti 1,120. Mechi ndefu kuliko zote inaingia kwenye SMS moja na nafasi inabaki!

Tena orodha haina ukomo. Katika mechi hiyohiyo ubao wa uwanjani uliganda kwenye 47–47, kwa kuwa haukuprogramiwa kuhesabu zaidi ya hapo. Mwamuzi Mohamed Lahyani aliendelea kutangaza pointi kama kawaida.

Kuandika mapigo ndiyo kazi ngumu zaidi, na ndiyo ninayoipenda. Tangu 2013, Mmarekani Jeff Sackmann amekuwa akiongoza mradi wa watu wa kujitolea, Match Charting Project, ambao huandika mechi pigo kwa pigo kwa alama fupi. Sevu ya pembeni ni 4, ya mwilini 5, ya kwenye mstari wa kati 6. Herufi f ni mpigo wa mbele, b ni mpigo wa nyuma. Kisha 1, 2 na 3 zinaonyesha mpira ulielekezwa wapi: upande wa mpigo wa mbele wa mchezaji wa mkono wa kulia, katikati, au upande wake wa nyuma. Tazama mstari huu, tuchukulie wote wawili wanatumia mkono wa kulia:

4f3b3b1*

Sevu imekwenda pembeni. Imerudishwa kwa mpigo wa mbele kuelekea upande wa nyuma wa aliyesevu. Naye kajibu kwa mpigo wa nyuma, akivusha mpira kimshazari. Mpokeaji kapiga wa nyuma pia, lakini safari hii kaunyoosha sambamba na mstari wa pembeni, na nyota inasema mpira haukurudi tena: pigo la ushindi. Mapigo manne kwa alama nane. Mwandishi mzoefu haangalii skrini mpira ukiwa hewani. Anajisomea mapigo moyoni, kisha anaandika mchezaji anapodundadunda mpira kabla ya sevu. Kanuni za mashindano makubwa zinaruhusu sekunde 25 kati ya pointi na pointi, na zinatosha.

Kisichopatikana kwenye kanuni yoyote ni namna ya kuainisha makosa. Mmarekani Bill Jacobson, aliyeanzisha mfumo wa CompuTennis mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni mmoja wa waliosambaza utaratibu wa kutenganisha kosa la kujitakia na kosa la kubanwa. Mchezaji aliyesimama vizuri, ana muda, kisha akapiga mpira wavuni, amejitakia. Aliyekimbizwa hadi kona akanyoosha raketi akiwa anateleza, amebanwa. Katikati ya hao wawili kuna mipira mingi ambayo watu wawili makini wataiandika tofauti. Ndiyo maana mimi huamini zaidi takwimu za mechi iliyoandikwa na mtu mmoja, kwa kipimo kilekile, toka sevu ya kwanza hadi ya mwisho.

Mpangilio wa pointi una uzito kuliko jumla yake. Fainali ya Wimbledon ya 2019, Roger Federer alipata pointi 218, Novak Djokovic 204. Djokovic alichukua taibreki zote tatu na kombe. Jumla inakuambia Federer alicheza vizuri. Orodha inakuonyesha pointi zipi zilimponyoka.

Anayetaka kujaribu aanze na mambo matatu tu kwa kila pointi: sevu ya kwanza imeingia au la, nani kaichukua, na imeishaje, kwa pigo la ushindi, kosa la kujitakia au la kubanwa. Hayo yanatosha kupata asilimia ya sevu za kwanza, pointi zilizopatikana kwa sevu ya pili, na gemu ambazo mchezaji alijiangusha mwenyewe. Alama za mapigo aziongeze vidole vikishazoea.