Upasuaji wa Kinywa: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Wengi wanaokwenda kung'olewa jino huogopa sindano na koleo, ilhali sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi wa mgonjwa huanza baada ya kutoka kwa daktari.

Huaminiwa kwamba ganzi ikishika, mgonjwa hatahisi chochote. Ukweli ni kwamba ganzi huzima maumivu tu, hivyo utaendelea kuhisi taya likisukumwa na pengine kusikia mlio jino linapoachana na mfupa. Ukihisi uchungu, usijikaze kiume. Inua mkono uongezewe dawa. Penye usaha ganzi hufanya kazi kwa shida, kwa sababu uvimbe huongeza asidi inayopunguza nguvu yake. Wapo pia wanaofika na njaa wakidhani ni sharti, ilhali kufunga huhitajika kwa dawa ya usingizi. Kwa ganzi ya kawaida, mara nyingi ni vyema kula kwanza.

Wengine husema kung'oa chonge la juu hupofusha. Si kweli: neva ya meno na neva ya kuona ni mbili tofauti. Kinachowatisha watu ni uvimbe unaoweza kupanda hadi chini ya jicho, nao hupungua.

Dhana inayoumiza wagonjwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kuiona damu iliyoganda kwenye tundu la jino kuwa uchafu. Mtu hufika nyumbani, akasukutua kwa nguvu na kutema mpaka tundu likabaki jeupe, akidhani amelisafisha. Bonge lile ndilo kifuniko cha mfupa. Likitoka mapema, mfupa hubaki wazi, na siku chache baadaye huja maumivu makali yanayopanda hadi sikioni, pamoja na harufu mbaya. Kwa hiyo ng'ata shashi (kitambaa chepesi kinachowekwa juu ya tundu) kwa nusu saa bila kuichungulia kila dakika, usivute sigara, usinywe kwa mrija, na usisukutue hadi saa 24 zipite. Baada ya hapo tumia maji ya vuguvugu yenye chumvi, tena polepole. Mate mekundu siku ya kwanza yasikutishe, kwani tone moja la damu hutosha kuyatia rangi yote.

Uvimbe nao huwa mkubwa zaidi siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka, na si kila jino lililong'olewa huhitaji antibayotiki. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Amweleze daktari mapema, kwa kuwa kuziacha kunaweza kuleta kiharusi.

Damu inayojaa kinywani licha ya kung'ata shashi, homa, au uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu ni sababu ya kurudi kwa daktari. Ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.