Jedwali la kuingia na kutoka: mtoto anashuka badala ya kuvuka

Mpe mwanafunzi wa darasa la tatu jedwali hili:

1 → 4
2 → 8
3 → 12
4 → 16
10 → ?

Wengi watajaza 20. Kujumlisha kwao hakuna kosa, 16 na 4 ni 20 kweli. Kosa ni njia waliyopita: wameshuka na majibu ya kulia, nne nne, wala hawakuona kwamba upande wa kushoto tumeruka kutoka 4 hadi 10. Jedwali lilikuwa linauliza jambo jingine: namba ya kushoto inafanywa nini mpaka iwe ya kulia? Inazidishwa kwa 4, kwa hiyo jibu ni 40.

Ndiyo maana siyapendi majedwali yanayoanza 1, 2, 3, 4 na kuishia hapo. Mtoto anashuka tu, anapata zote, mwalimu anaweka vema, na hakuna aliyejua kama uhusiano umeonekana. Vuruga namba za kushoto: 5, 2, 9, 3. Kisha kila jozi ichorewe mshale wake kutoka kushoto kwenda kulia, na juu ya mshale mtoto aandike kilichofanyika. Jedwali likiwa limelazwa, namba za kuingia juu na za kutoka chini, mishale nayo ielekee chini; hapo ndipo hata wanafunzi wazuri hupotea, kwa kuwa jicho limezoea kusoma mstari mpaka mwisho.

Mfano unaoeleweka haraka ni mashine ya kusaga. Unaingiza mahindi, unatoka unga. Akija mwingine na mtama, mawe ni yaleyale. Kanuni ya jedwali nayo haibadiliki kutoka jozi moja hadi nyingine. Hili lazima lisemwe wazi, kwa sababu wapo watoto wanaoandika kanuni tofauti kwa kila mstari na kuona wamemaliza kazi.

Jozi moja peke yake haithibitishi chochote. Chukua 2 → 6. Inaweza kuwa jumlisha 4, au zidisha kwa 3, au zidisha kwa 2 kisha jumlisha 2. Leta jozi ya pili, 5 → 15, na mbili kati ya hizo zinaanguka palepale, maana zingetoa 9 na 12. Darasani naziandika kanuni zote tatu ubaoni, halafu wanafunzi wenyewe wanazikata moja moja. Na usianze kamwe na 2 → 4: jumlisha 2 na zidisha kwa 2 hutoa jibu lilelile, na utatumia dakika kumi kubomoa ulichojenga.

Kanuni ya hatua mbili ndiyo yenye kazi, na hapa njiti za kiberiti zinafaa kuliko maelezo. Panga miraba iliyoshikana kwa mstari. Mraba 1 ni njiti 4, miraba 2 ni njiti 7, 3 ni 10, 4 ni 13. Uliza: miraba 10? Utapata 40 kutoka kwa aliyehesabu nne kwa kila mraba, akasahau kwamba jirani wawili wanatumia ukuta mmoja. Uliza miraba 8, mwingine atazidisha 13 mara mbili apate 26. Usiwasahihishe kwa mdomo. Weka njiti moja imesimama peke yake, kisha ongeza tatu: mraba. Ongeza tatu tena: mraba wa pili. Sasa kila mtu anaona ile 3 inatoka wapi, na ile 1 ni ipi. Zidisha kwa 3, jumlisha 1. Miraba 8 ni njiti 25, miraba 10 ni 31.

Hapa kule kushuka tulikokukataza kunapata kazi yake. Namba za kushoto zikipanda kwa 1, kiasi ambacho majibu yanapanda ndicho cha kuzidishia. Zikipanda kwa 2 na majibu yakapanda kwa 6, gawanya: ni 3 kwa kila moja. Ukishaipata, vuka kwenye jozi yoyote uone kinachobaki: 4 mara 3 ni 12, jedwali linasema 13, basi imebaki 1. Jaribu jozi nyingine mbili kabla ya kuandika kanuni. Kwenye jedwali lenye 0 upande wa kushoto, kinachobaki kinaonekana bila kutafuta.

Maandazi yanatoa zoezi hilohilo kwa shilingi. Andazi 200, mfuko 300. Maandazi 5 kwenye mfuko mmoja ni 1,300. Maandazi 10 kwenye mfuko mmoja ni 2,300, si 2,600, kwani mfuko haukununuliwa mara mbili.

Kurudi nyuma, yaani kupewa 25 kwenye jedwali la njiti na kutafuta iliyoingia, kuna kosa moja kubwa: mtoto anagawanya kwanza. 25 kwa 3 haigawanyiki, anakwama, anasema jedwali limekosewa. Kilichofanywa mwisho ndicho kinachotenguliwa kwanza, kama ulivyovaa soksi kisha viatu lakini unavua viatu kwanza. Toa 1, ibaki 24, gawanya kwa 3: 8.

Kwa waliomaliza mapema, wape hili:

3 → 17
8 → 12
11 → 9
15 → ?

Watahangaika na kujumlisha 14, kujumlisha 4, kutoa 2, kila mstari na lake. Waambie wajumlishe kushoto na kulia.