Laini tatu kwenye pindo la kanga

Nashughulika na takwimu za miamala ya simu. Nikiulizwa akili bandia itaisaidia nini serikali inayotaka kuwalipa wananchi kwa simu, huwa naanzia Togo, mwaka 2020.

Aprili mwaka ule, korona ilipofunga shughuli, Togo ilianzisha mpango wa Novissi. Ulikuwa unabonyeza *855#, unaingiza namba ya kadi ya mpiga kura, ukikubaliwa pesa inaingia kwenye simu. Lomé na viunga vyake, mwanamke alipata faranga 12,250 kwa mwezi, mwanamume 10,500. Mjini kazi ilikuwa nyepesi kwa sababu kadi ile inaonyesha shughuli ya mtu. Vijijini karibu kila mtu ni mkulima, na daftari la kaya maskini halikuwepo. Utamwacha nani?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na shirika la GiveDirectly wakaingia. Picha za setilaiti zikasaidia kuchagua kata 100 maskini zaidi. Kisha wakawapigia maelfu ya watu kuwauliza hali zao za maisha, na mashine ikafundishwa kulinganisha majibu yale na nyendo za laini: unaongea na wangapi, saa ngapi, wapi. Maskini ana nyendo zake. Anaweka vocha ndogo, dakika zinakata, anabaki kubipu.

Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kuwa makosa ya kuwaacha maskini yalipungua kwa asilimia 4 hadi 21, ukilinganisha na kuchagua kwa eneo tu. Ila daftari kamili la kaya lingeishinda mashine: ukilinganisha na daftari kama hilo, makosa ya mashine yalizidi kwa asilimia 9 hadi 35. Wauzaji wa mifumo hii takwimu ya pili huwa wanaimeza.

Mimi kinachonisumbua ni kidogo zaidi ya hapo. Mashine inasoma laini, haisomi mtu. Juzi kwa wakala wa jirani nilimwona mama akifungua pindo la kanga, akatoa laini tatu, kila moja imeviringishwa kikaratasi chenye jina: yake, ya mama mkwe, ya jirani. Simu ni moja, anabadilisha tu. Na vocha ya laini zote tatu anaituma kijana wake aliyeko mjini, kila mwisho wa mwezi, kwa mkupuo. Kwa mashine, hao ni watu watatu wenye nafasi.